Kivuli Kimeniuza: Njozi na Vurugu Ndani ya Kiambishi

Studio yenyewe ni chumba cha nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kuta zimebandikwa trei za mayai, mlangoni pananing'inia blanketi la kijivu la kuzuia kelele za bajaji, na maiki imevalishwa soksi tangu kichujio chake kivunjike. Mimi si mwanamuziki. Ninafundisha fasihi ya Kiswahili, na kwa miaka kadhaa sasa maprodyuza wa hapa Mbeya huniita pale msanii anapokuja na mashairi ambayo wao husema "hayaeleweki." Kazi yangu ni kusoma, kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, na kuuliza maswali ya kuudhi. Malipo ni soda, na siku nzuri nauli.

Siku hiyo kijana alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Shikamoo mwalimu, marahaba, kisha akanipa simu. Mistari 43, haina nukta wala mkato. Nanukuu kipande, kwa ruhusa yake:

nyoka anavuta sigara mwezini
bahari inalia petroli
saa ya ukutani imemla mama
risasi za maua kaburi la mvua
kivuli kimeniuza Mwanjelwa
simba amevaa miwani ya barafu

Prodyuza alikuwa ameshachoka. "Mwalimu, huyu anavuta nini?" Kijana hakucheka. Akasema kichwani mwake ndivyo kulivyo, na kama kichwa kimevurugika basi wimbo nao lazima uvurugike.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi, na makala hii yote inatoka hapo. Vurugu ya moyoni haihami kwenda kwenye wimbo kwa kumwaga maneno. Ukimwaga maneno, msikilizaji anapata maneno yaliyomwagika tu, wewe unabaki na vurugu yako. Katika mashairi ya njozi yanayofanya kazi, jambo la ajabu hukaa mahali pamoja, padogo sana, mara nyingi ndani ya kiambishi kimoja, ile silabi ndogo inayobandikwa kwenye neno, na kila kitu kilichobaki kimetulia kama kawaida.

Nilimwonyesha kipimo ninachotumia. Nikachukua mstari wa kwanza nikambadilisha mnyama: simba anavuta sigara mwezini. Halafu nyoka amevaa miwani ya barafu. "Umepoteza nini?" Akasoma, akasoma tena. Hakuna. Unaweza kumweka kobe, unaweza kumweka mkuu wa mkoa, mstari hauumii popote. Picha ambayo inakubali kila mpangaji ni nyumba ambayo hajazaliwa mtu humo. Kisha nikaenda kwenye mstari wa tano. Kiatu kimeniuza Mwanjelwa. Akakunja uso. Kivuli kimeniuza Kariakoo. "Hapana," akasema, na safari hii alisema haraka. "Siyo Kariakoo."

"Kwa nini siyo?"

Hakujua. Nikamuuliza swali la pili: "Nani alinunua?" Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba prodyuza akaanza kurekebisha nyaya ambazo hazikuwa na tatizo.

Nitamrudia. Kwanza niseme kwa nini mstari ule ulinishika, maana kuna watu watasema haya mambo ya vivuli kuuza watu ni ya Wazungu.

Mtoto yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili amelelewa kwenye picha za namna hiyo. Nyumba yangu kubwa haina mlango. Kuku wangu katagia mibani. Popoo mbili zavuka mto. Ukiziondoa zile tega na majibu yake ya yai, nanasi na macho, umebaki na ndoto za mtu mwenye homa. Taarabu nayo, tangu enzi za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, imeishi kwa mafumbo. Na kule Rungwe, kwa Wanyakyusa, salamu ya mchana kutwa ni Ugonile, inayokuuliza usingizi wako kabla ya kukuuliza kitu kingine.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Fumbo lina jibu, na anayefumba analijua. Anayetega kitendawili anakaa nalo mdomoni, mkishindwa anadai mji, mnampa Zanzibar au Tukuyu, anafumbua. Katika wimbo wa njozi mtegaji mwenyewe hajui jibu. Ametega, watu wote wanamtazama, na yeye ndiye anayezunguka akitoa mji baada ya mji ili mtu amwambie. Kwa hiyo ninapomuuliza msanii "nani alinunua?" sitaki anifumbulie. Nataka kujua kama anahangaika nalo. Akijibu upesi, "aa, kivuli ni serikali, mnunuzi ni ubepari," najua ametunga fumbo, tena la bei rahisi. Akinyamaza, tuna wimbo.

Wafaransa walifika hapo kwa njia ya hospitali. André Breton alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyepelekwa wakati wa Vita vya Kwanza kuhudumia askari waliochanganyikiwa. Mwaka 1916, kule Saint-Dizier, aliwasikiliza watu ambao mabomu yalikuwa yamewavuruga, na akashangaa jinsi maneno yao yalivyokuwa na picha kali kuliko za washairi aliowasoma. Mwaka 1919 yeye na mwenzake Philippe Soupault wakajaribu kuandika mbio mbio bila kujizuia, na mwaka 1924 akatoa ilani ya kile kilichoitwa surealisimu. Hawa jamaa walipenda sana sentensi moja ya mwaka 1869, ya kijana aliyejiita Lautréamont, kuhusu uzuri wa cherehani na mwavuli kukutana kwa bahati juu ya meza ya kupasulia maiti. Huwa nacheka nikiifundisha. Pale Mwanjelwa cherehani na mwavuli hukutana kila siku ya Mungu, fundi yuko katikati yao anapandisha pindo la suruali. Iliyobaki ni meza tu. Namaanisha kwamba ajabu ya Paris siyo ajabu ya Mbeya, na mtunzi wa hapa akikopa ajabu ya watu anaishia na nyoka wa mwezini.

Lakini kuna jaribio lao moja lililonifundisha jambo kuhusu Kiswahili ambalo sikulitegemea. Mwaka 1959, Paris vilevile, mchoraji Brion Gysin alikuwa akikata karatasi ngumu kwa wembe juu ya magazeti. Wembe ukapita hadi chini, vipande vya habari vikapangana upya, akasoma akacheka. Rafiki yake William Burroughs akaifanya kuwa mbinu, na baadaye David Bowie akaitumia kutungia nyimbo: andika, kata, changanya, soma.

Nilileta mkasi darasani. Gazeti la juzi, gundi, wanafunzi kumi na wanane. Kwa Kiingereza ukikata maneno ukayapanga upya, mara nyingi yanakubali tu, kila neno limekaa kivyake. Kwa Kiswahili yaligoma. Tulikata "mvua imenyesha" na "waziri ameapishwa," tukabadilishana vichwa. Tukapata:

Waziri imenyesha.
Mvua ameapishwa.

Darasa lilikufa kwa kicheko, halafu likanyamaza, maana tuliona kitu. Katika sentensi ya pili mvua amepewa a-, upatanisho wa wenye uhai. Tayari ana mikono ya kushikia kitabu kitakatifu, tayari ana cheo. Katika ya kwanza waziri amenyang'anywa a- akapewa i-, na papo hapo amekuwa hali ya hewa. Hakuna aliyesema "kama". Hakuna aliyetumia sitiari. Herufi moja imehama, mtu amekuwa kitu na kitu kimekuwa mtu. Wale wa Paris walihitaji mkasi, cherehani na maiti. Sisi ngeli zinatutosha.

Na ndiyo maana nilikaa na mstari wa kijana kwa nusu saa nzima. Aliandika kivuli kimeniuza. Angeweza kuandika kivuli ameniuza, na lugha isingemkataza: tunasema kiboko amelala, kipofu amefika, kijana amekasirika, umbo ni la ki-vi lakini uhai unavuta a-. Katika hadithi za sungura hata Jua na Upepo huongea kwa a-. Nikamwomba aimbe zote mbili bila biti, kwa sauti ya kawaida tu.

Ameniuza, kivuli anakuwa mhusika. Unamwona amevaa koti, amesimama pale wanaposhusha viazi, anapiga bei. Inachekesha kidogo. Ni katuni, na si lazima iwe mbaya, nyimbo nyingi nzuri ni katuni. Kimeniuza, kivuli kinabaki kile kile cha kila siku, kitu bapa kinachokufuata chini ya miguu, hakina mdomo wala mfuko. Halafu kitu hicho hicho, kikiwa bado kitu, kimekuuza. Mimi nywele zilinisimama. Mtu ukiuzwa na mtu unaweza kwenda polisi. Ukiuzwa na ki-, unakwenda wapi?

Prodyuza alisema haoni tofauti. Sawa. Yeye anasikiliza ngoma, mimi nasikiliza viambishi, ndiyo maana tuko wawili.

Kuna mahali pengine ambapo lugha yetu imeshafanya nusu ya kazi kabla mtunzi hajafika. Tuna mahali pa aina tatu. Moyoni pana vita, moyoni kuna vita, moyoni mna vita. Pa- unaweza kupaonyesha kwa kidole, pale. Ku- ni huko huko, hakuna mipaka. Mu- ni ndani kabisa, mlango umefungwa. Msanii anaponiambia "nina msongo," namwomba kwanza achague mmoja kati ya hao watatu. Anayechagua pa- mara nyingi anajua kinachomsumbua. Anayechagua ku- bado anatangatanga. Anayechagua mu- huwa ana wimbo.

Tena mu- ina mtego ndani yake. Tazama sentensi hii: Kichwani mwangu mnapiga kelele. Hiyo m- ni ya mahali, yaani ndani ya kichwa changu ndimo mnamopigwa kelele? Au ni m- ya nyinyi, nyie watu mliomo kichwani mwangu mnaopiga kelele? Umbo ni moja, hakuna wa kukuamulia. Lugha haikutaka kutofautisha kati ya "ndani" na "nyinyi." Mtu ambaye usiku hawezi kulala kwa sababu ya sauti za baba, za mwenye nyumba, za mchungaji, za ex wake, huyo anajua kwamba kwa kweli hakuna tofauti. Nimewapa watunzi wengi zoezi hilo moja tu: andika mistari minne inayoanza na kichwani mwangu au moyoni mwangu, na kila kitenzi kianze na m-. Hurudi wakiwa wametulia kwa namna inayonitisha kidogo. Moyoni mwangu mnavuja. Kichwani mwangu mmelala watu. Mstari huo wa pili aliuandika dada mmoja anayeuza parachichi Tukuyu, hajawahi kusikia neno ngeli tangu aache shule.

Yule kijana wa Mwanjelwa naye alifanya zoezi, lakini akaniletea kitu kingine: moyo umefungwa lumbesa. Msomaji wa pwani labda nikueleze. Lumbesa ni gunia la viazi lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa lingine juu kama kilemba na kushonwa kwa kamba, ili mkulima auze gunia moja kwa bei ya moja huku amejaza karibu moja na nusu. Limepigwa marufuku mara nyingi na bado lipo. Kijana amebeba hayo magunia mgongoni toka akiwa na miaka 16. Moyo uliofungwa lumbesa haujajaa tu. Umejazwa na mtu mwingine, kwa faida ya mtu mwingine, ukashonwa kwa nguvu ili usimwagike, na kwenye daftari umeandikwa kuwa ni mmoja. Nilitafuta jinsi ya kuuboresha nikakosa. Nikamwambia auache hivyo hivyo.

Kuhusu mizani nitapita haraka, kwa kuwa nimeshaandika sana huko nyuma. Ugomvi wa vina na mizani ni wa zamani. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 wapo waliosema hayo si mashairi, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo vijiweni. Miaka 16 baadaye, mwaka 1990, akatoa Nagona, riwaya ambayo inatembea kama ndoto kutoka mwanzo hadi mwisho, na wabishi wakapata ugomvi mpya. Mimi napenda shairi huru. Lakini kwa wimbo, na hasa wimbo wa njozi, nawashauri watunzi waanze na nane-nane ya babu zetu, mizani nane kila nusu ya mstari. Sababu ni ya kifundi tu. Sikio la Mswahili linategemea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilipa mkazo pale linapoutarajia, linalegea, linakuamini, na likishakuamini unaweza kulipitisha popote, hata kwenye soko ambalo vivuli vinauza watu. Ukivuruga mkazo na picha kwa pamoja, sikio linashika mkazo uliokosewa na kuiacha picha. Mfano mwepesi ni neno barabara: sogeza mkazo silabi moja nyuma, na njia ya kwenda Tunduma inageuka kuwa "sawasawa." Vijana wa Mbeya wamekua na Sugu, rapa aliyetoka kwenye maiki akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, na mtindo aliowaachia ni wa kuita kitu kwa jina lake. Wakiuacha mtindo huo kwenda kwenye njozi, hudhani wameacha pia na nidhamu. Kumbe njozi inataka nidhamu mara mbili.

Kuna kiambishi kingine ninachokipenda, -ka-. Nikaingia, nikaona, nikapaa, nikajikuta nyumbani. -Ka- haiulizi sababu. Inasema tu kilichofuata. Ndoto zote husimuliwa kwa -ka- kwa kuwa ndoto haina "kwa hiyo." Shida ni kwamba mtunzi akiigundua anaitumia mpaka inachakaa, wimbo mzima unakuwa kama mtoto anayesimulia sinema. Nawaomba wanunue -ka- moja kwa kila ubeti. Waitunze.

Nihame Mbeya kidogo. Iringa mjini kuna mwamba unaitwa Gangilonga. Kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na masimulizi ya wenyeji yanauhusisha na Mkwawa, kwamba alikuwa akipanda pale kutafakari. Unapanda, unakaa, unaona mji wote chini na milima ng'ambo. Angalia jina lenyewe: ganga, jiwe, linalonga. Mji mzima unaishi chini ya mstari wa njozi na unaupitia kwa bodaboda kila siku bila kushtuka.

Mwaka jana binti mmoja wa Kihesa alinitumia wimbo kupitia kwa rafiki. Kamwene, mwalimu, akaanza kwa salamu ya Kihehe, kisha akaeleza kwamba alikuwa akipanda pale jioni baada ya kazi na kurekodi kwa simu. Mistari kumi na moja ya mwanzo yote ilikuwa hivi:

Unaogopa ngazi.
Unaogopa sauti ya maji jikoni.
Unakula umesimama.

Nikadhani anamwimbia mdogo wake, au rafiki anayepigwa na mumewe. U-, u-, u-, mwanamke mwingine kabisa, anamtazama kwa huruma na kwa kukerwa kidogo, kama tunavyowatazama watu tunaowapenda wanaposhindwa kujisaidia. Kisha:

Jiwe likauliza: nani?
Nikasema.

Wimbo unaishia hapo. Hakusema alisema nini. Mistari kumi na moja ya u-, halafu ni- moja. Na -ka- mbili tu, moja ya jiwe na moja yake, kama watu wawili wanaopeana mkono. Nilitaka kumshauri aongeze "nikasema: mimi," nikaandika hivyo kabisa kwenye ujumbe, nikaufuta. Ni- ile ilikuwa imeshasema. Kama angeongeza mimi angekuwa ananifumbulia, na mimi sikuwa nimempa mji wowote.

Angalia pia kwamba jiwe lake ni likauliza, si akauliza. Ameliacha liwe jiwe. Yule kijana wa Mwanjelwa na binti huyu wa Kihesa hawajuani, wako mbali kwa zaidi ya kilomita 300, na wote wawili walikataa kukipa kitu uhai wa bure.

Nifungue mabano hapa, maana huwa naulizwa. Mashairi ya ajabu si ugonjwa. Lakini mimi ni mtu wa lugha, si daktari. Mara mbili nimekutana na mtunzi ambaye hajalala siku nne na sauti anazoziandika anazisikia hata akiwa sokoni. Hapo mizani haina kazi. Nilifunga daftari tukapanda bajaji kwenda hospitali, mmoja wao akinilalamikia njia nzima kwamba nimemkatizia ubeti.

Sasa kijana. Wiki moja baada ya lile swali la nani alinunua, alirudi na karatasi, si simu. Mistari 43 ilikuwa imebaki minne. Nikahesabu kwa vidole, nane-nane, haikupungua wala kuzidi:

Kivuli kimeniuza, sokoni Mwanjelwa jana,
Bei hawakuuliza, wala hawakubishana,
Mnunuzi akiwaza, uso wake sikuona,
Risiti nikageuza, mnunuzi: langu jina.

-Ka- moja tu, na imekaa pale pale panapogeuka karatasi.

Nilimuuliza ilikuwaje. Akaeleza, macho chini, kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimwandikia nyimbo msanii mwingine. Elfu kumi kwa wimbo, mkononi, jina lake halipo popote. Alipoanza kuandika kuhusu kivuli alidhani anamwandikia yule jamaa ngumi. Bei hawakuuliza, aliiandika kwa hasira, amdhalilishe. Lakini kina cha -za kilimdai neno, akajaribu kukaza, kumaliza, kupuuza, yote hayakukaa. Akapata geuza, na kabla hajajua anageuza nini, risiti ilikuwa mkononi. Akaigeuza. Ile elfu kumi nani alikuwa ameitaja kwanza? "Ni mimi, mwalimu. Yeye aliniuliza ngapi. Mimi ndiye niliyesema kumi."

Kiswahili kina neno la hilo, na nalipenda kwa sababu halijivuni. Watu wanasema kujitafuta, kujitambua, semina nyingi sana za kujitambua. Lakini mtaani tunasema nimejikuta. Nimejikuta nalia. Nimejikuta nimefika Mafiati. Hakuna anayejikuta kwa makusudi. Ile -ji- imekaa kimya kati ya wewe mtenda na wewe mtendwa, na unaigundua pale tu unapogeuza karatasi kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano kwa sababu ulikuwa unatafuta kina.

Nilimwambia ubeti umekamilika. Nilikuwa na shaka moja kuhusu akiwaza, naona ni neno la kujazia, amewaza nini huyo mnunuzi? Akasema anawaza kama bei ni kubwa mno. Nikanyamaza.

Jumamosi tukaingia kurekodi. Prodyuza akapiga biti, taratibu, gitaa moja na kitu kama kayamba. Kijana akavaa hedifoni, akapita nyuma ya blanketi. Mara ya kwanza akaimba ameniuza. Akasimama mwenyewe.

"Mwalimu, na nikiimba a-?"

"Umeisikia. Wewe unaonaje?"

"Inapendeza zaidi."

"Ndiyo."

Kimya. "Basi ki-."

Mara ya pili alifika hadi kwenye risiti, sauti ikakwaruza kwenye geuza, na prodyuza akainua kidole kunionyesha kwamba hapo ndipo, hiyo tunaibakiza. Kisha mvua. Mbeya haitoi taarifa. Ilianza upande wa Loleza, ikavuka, ikatua kwenye bati zima kwa mpigo mmoja, na hakuna soksi wala trei za mayai za kuishinda. Prodyuza akazima mashine, akafungua mtambo aone kama mstari wa nne umeingia salama au umelowa. Tukaketi kwenye ndoo tukisubiri. Kijana alikuwa ameshaanza ubeti wa pili, midomo ikicheza bila sauti, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja, nne, kisha nne tena.